Gramu Hazibadilishwi kwa Gramu: Maswali Yenu ya Hesabu za Moli

Barua za mara hii nyingi zimetoka kwa wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne, na karibu zote zina ugonjwa mmoja: mtu anaruka kutoka uzito hadi uzito bila ya kupita kwenye idadi. Tumechagua tano. Mbili kati ya hizo hazikutoka skuli, na moja imetuchukua muda mrefu kuliko nyengine zote.

Assalamu alaykum. Tulipewa swali: gramu 25 za kalisiamu kaboneti zimechomwa zote, zitatoka gramu ngapi za kalisiamu oksaidi? Mlinganyo ni CaCO₃ → CaO + CO₂. Mbele ya kila kitu pana moja, basi nikajibu gramu 25. Nikatiwa kosa. Kwani moja kwa moja si sawasawa?
*Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Wete*

Wa alaykum salaam. Moja kwa moja ni kweli, lakini moja ya nini? Ukienda dukani ukataka doti moja ya kanga, muuzaji hagusi mizani. Anakupa vipande viwili. Boriti za mikoko zikihesabiwa kwa korija, korija ni boriti 20, ziwe nene au nyembamba. Korija ya boriti na korija ya fito ni idadi moja, lakini mchukuzi anajua kuwa uzito haukaribiani. Moli ni neno la ukoo huo huo wa doti na korija. Linahesabu chembe, na kwa kuwa chembe zenyewe ni ndogo mno, fungu lake limekuwa kubwa: 6.022 × 10²³. Namba zinazokaa mbele ya fomula zinahesabu mafungu hayo. Za gramu haziko kwenye mlinganyo popote.

Kwa hiyo unapita njia hii: gramu ulizopewa uzigeuze moli, moli za kitu kimoja uzigeuze moli za kitu chengine kwa uwiano wa mlinganyo, kisha moli uzirudishe kuwa gramu. Swali lako:

Masi ya moli (uzito wa moli moja kwa gramu) ya CaCO₃ = 40 + 12 + (3 × 16) = 100
Masi ya moli ya CaO = 40 + 16 = 56
25 ÷ 100 = moli 0.25 za CaCO₃
Uwiano ni 1 kwa 1, basi zinatoka moli 0.25 za CaO
0.25 × 56 = gramu 14

Sasa jikague. Hewa ya ukaa nayo imetoka moli 0.25, na masi yake ya moli ni 44, kwa hiyo ni gramu 11. Jumlisha 14 na 11. Zile 25 ulizokuwa ukizitafuta zipo, ila 11 zimepaa. Ukaguzi huu hauchukui nusu dakika, nasi hatuelewi kwa nini wanafunzi wanauona mzigo.

Pana kosa moja ambalo wewe hukulifanya kwa sababu mlinganyo wako haukukupa nafasi, lakini utakutana nalo. Mbele ya fomula ikiwa pana 2, kama 2HCl, wengi huandika masi ya moli kuwa 73, kisha wakifika kwenye uwiano huzidisha kwa 2 tena. Masi ya moli ya HCl ni 36.5 popote ilipo. Ile 2 ina kazi moja tu, nayo iko kwenye hatua ya uwiano.

Mlinganyo uliopewa ndio wa tanuu la chokaa. Mawe ya matumbawe ni kalisiamu kaboneti, na moto wa kiasi cha nyuzi 900 ndio unaoifukuza hewa ya ukaa. Ila jiwe la tanuuni si safi kama la daftarini, na hapo mtihani huingiza maneno mawili yanayochanganywa sana: usafi na mavuno. Tuseme umechoma kilo 1,000 za jiwe lenye asilimia 90 ya kaboneti. Usafi unautoa mwanzo, kabla ya moli: kaboneti ni kilo 900, na 900 × 56 ÷ 100 = kilo 504 za kalisiamu oksaidi. Ikiwa kweli ulipata kilo 420 tu, kwa sababu baadhi ya mawe yalibaki mabichi kwenye kiini, mavuno unayatafuta mwisho: 420 ÷ 504 × 100 = asilimia 83.3. Ukiyapindua haya mawili namba itakuja tu, tena itaonekana nzuri, nayo si jawabu.

Na anayezima hizo kilo 504 kwa maji: CaO + H₂O → Ca(OH)₂. Kila 56 zinataka 18 za maji, basi ni kilo 162, yaani lita 162. Hizo ndizo zinazoingia ndani ya chokaa yenyewe. Wazimaji hutia zaidi, na wana haki, kwani chokaa inapozimwa huchemka na maji mengi yanaondoka na mvuke.

Mwalimu, naomba unisaidie swali la kitu kinachokwisha mwanzo. Zinki gramu 6.5 imetiwa kwenye asidi ya hidrokloriki cm³ 100 yenye moli 1.5 kwa dm³ (yaani kwa lita). Nimepata zinki moli 0.1 na asidi moli 0.15. Zinki ni kidogo, kwa hiyo nimetumia zinki. Kitabu kinasema asidi.
*Mwanafunzi, Chake Chake*

Kabla ya kemia, nenda kwa seremala wa vitanda. Kitanda kimoja kinataka matendegu manne na mifumbati miwili (vitakizo tuviache, tuseme vipo tele). Ana matendegu 12 na mifumbati 10. Kipi kingi? Matendegu. Kipi kinachokwisha mwanzo? Hayo hayo matendegu. Matendegu 12 yanatoa vitanda 3, ilhali mifumbati 10 ingetosha vitanda 5. Anafunga kazi na vitanda vitatu, mifumbati minne imelala chini.

Swali lako ni hilo. Zn + 2HCl → ZnCl₂ + H₂. Kila moli ya zinki inataka moli mbili za asidi. Wewe umelinganisha 0.1 na 0.15 kana kwamba zinaliwa sawa. Gawa kila moja kwa namba yake ya kwenye mlinganyo: zinki 0.1 ÷ 1 = 0.1, asidi 0.15 ÷ 2 = 0.075. Iliyo ndogo baada ya kugawa ndiyo inayokwisha mwanzo. Ni asidi.

Kuanzia hapo zinki uisahau katika kutafuta kinachotoka. Hesabu zote zishike asidi. Tunapendekeza uandike mistari mitatu chini ya mlinganyo, mwanzo, kilichotumika na kilichobaki:

Mwanzo: Zn 0.1, HCl 0.15, H₂ 0
Kilichotumika au kutoka: Zn 0.075, HCl 0.15, H₂ 0.075
Kilichobaki: Zn 0.025, HCl 0, H₂ 0.075

Zinki iliyobaki ni 0.025 × 65 = gramu 1.625. Hidrojeni, kwa 22.4 dm³ kila moli, ni 1.68 dm³. Mistari ile ijazwe kwa moli tu. Tumeona daftari ambalo mstari wa kwanza una gramu na wa pili una moli, na mwenyewe akashangaa kuona zinki iliyobaki imezidi ile aliyoanza nayo.

Sisi ni kikundi cha kina mama, tunatengeneza sabuni ya mwani kwa mafuta ya nazi. Tulielezwa kuwa mafuta 1,000 yanataka kostiki soda 183. Tunatia lita moja ya mafuta na gramu 183 za kostiki soda. Sabuni inakaza vizuri, lakini inawasha ngozi, na juu inatoa unga mweupe. Tukiongeza maji ukali utapungua?
*Mtengeneza sabuni, Jambiani*

Dada, maji hayatasaidia. Kazi ya maji ni kuyeyusha kostiki soda ili ikutane na mafuta. Kwenye mlinganyo hayali soda wala hayaliwi. Ukiongeza, sabuni itachelewa kukauka, na baada ya wiki kadhaa maji yakiondoka ukali uko pale pale.

Kosa liko kwenye neno lita. Ile 183 ni ya gramu 1,000 za mafuta. Mafuta ni mepesi kuliko maji, ndiyo maana yanaelea, na lita moja ya mafuta ya nazi ina kiasi cha gramu 920. Gramu 920 zinataka 920 × 0.183 = gramu 168 za soda. Nyinyi mmetia 183. Gramu 15 hazikupata mafuta ya kuyageuza, zimebaki ndani ya sabuni, na hizo ndizo zinazowasha. Unga mweupe nao kwa sehemu umetokana na hizo hizo: soda iliyobaki hukutana na hewa ya ukaa ikawa sodiamu kaboneti. Unga huo huweza kutokea hata juu ya sabuni nzuri, kwa hiyo peke yake si ushahidi. Ngozi kuwasha ndio ushahidi.

Hiyo 0.183 imetoka wapi? Chembe moja ya mafuta imeshika mikono mitatu, na kila mkono unataka soda moja: mafuta 1 + NaOH 3 → sabuni 3 + gliserini 1. Mafuta ya nazi yangekuwa ya aina moja tu, ile ya asidi ya lauriki iliyo nyingi humo, masi yake ya moli ingekuwa 639, na soda tatu ni 3 × 40 = 120. Gawa 120 kwa 639, unapata 0.188. Kwa kuwa nazi ina mchanganyiko, kipimo cha kawaida kimetua kwenye 0.183, nacho hucheza kidogo, takriban 0.177 hadi 0.189. Kwa sababu ya kucheza huko, usitie soda yote inayohesabika. Punguza asilimia 5, mafuta yabaki kidogo: 0.183 × 0.95 ni kama 0.174. Kwa gramu 1,000 za mafuta ni gramu 174. Kwa lita moja ni gramu 160.

Mkichanganya mafuta, kila aina ihesabiwe kwa namba yake. Mawese yanataka kiasi cha 0.141 tu. Gramu 700 za nazi na 300 za mawese: 128.1 + 42.3 = 170.4, na baada ya kupunguza asilimia 5 ni gramu 162. Anayetumia 0.183 kwa mafuta yote atatengeneza sabuni ya kufulia, tena kwa kutumia glavu.

Fungu lililokwisha kuharibika linaweza kuokoka. Gramu 183 za soda, kwa kipimo cha 0.174, zinataka kama gramu 1,050 za mafuta. Mlitia 920, basi pana upungufu wa gramu 130 na kitu. Ikwangueni sabuni, itieni na maji kidogo kwenye sufuria ya chuma cha pua, moto mdogo, mtie hayo mafuta yaliyopungua na mkoroge mpaka ishikane sawasawa. Sufuria zetu za kawaida za alumini msizitumie kwa kazi hii hata siku moja. Kostiki soda huila alumini na kutoa hidrojeni, gesi inayoshika moto, na kila gramu iliyokula alumini ni gramu iliyoibiwa kwenye hesabu yenu.

Mambo mengine kwa haraka. Kopo la soda lifungwe kila mkichota, kwa sababu hewa yetu ya pwani ina unyevu na soda inaunyonya. Soda iliyonyonya maji inapimwa gramu 174 lakini ndani yake haimo 174. Soda itiwe kwenye maji, si maji kwenye soda, na mvae glavu na miwani. Ikigusa ngozi, ni maji mengi yanayotiririka, msipake siki. Na karatasi ya litmasi isiwababaishe: sabuni yoyote ya aina hii, hata iliyo salama, itaigeuza buluu.

Mwanangu wa kidato cha nne ananiambia mtungi wa gesi wa kilo 6 ukimalizika jikoni umetoa kilo 18 za hewa ya ukaa. Nimemwambia arudie hesabu, kilo 6 haziwezi kuzaa kilo 18. Nani ana haki?
*Mzazi, Fuoni*

Mtoto ana haki. Mtungini mna mchanganyiko wa propani na butani. Tuchukue propani peke yake, C₃H₈ + 5O₂ → 3CO₂ + 4H₂O. Masi yake ya moli ni 44, kwa hiyo gramu 6,000 ni moli 136.4. Kila moja inatoa hewa ya ukaa tatu, jumla moli 409, na kwa 44 kila moli ni kilo 18. Maji yanatoka kilo 9.8, mengine ndiyo yale yanayofanya matone chini ya sufuria baridi unapoiteleka tu. Uzito uliozidi umetoka hewani: oksijeni moli 682, kilo 21.8. Jumlisha upande wa kulia, 18 na 9.8, utapata 27.8, upande wa kushoto, 6 na 21.8, ni hizo hizo 27.8. Ukihesabu kwa butani badala ya propani, hewa ya ukaa inakuwa kilo 18.2, tofauti haina maana.

Ila na wewe, mzazi, muulize jambo ambalo pengine halikuwamo kwenye swali lake. Hewa ina oksijeni kiasi cha asilimia 21 kwa ujazo, kwa hiyo moli 682 za oksijeni ni kama moli 3,250 za hewa, na kwa joto letu hizo ni takriban mita za ujazo 81. Jiko la mita tatu kwa tatu kwa tatu lina mita za ujazo 27. Mtungi mmoja unakula oksijeni ya majiko matatu. Madirisha yakifungwa, kinachokwisha mwanzo si gesi tena bali oksijeni, na hapo mlinganyo wenyewe unabadilika: badala ya CO₂ inaanza kutoka CO (kaboni monoksaidi), ambayo haina harufu na inaua. Mwali ukiwa wa manjano na sufuria zikaanza kushika masizi, fungua dirisha kwanza, jiko lisafishwe baadaye.

Tulikata utepe wa magnesiamu gramu 0.06, tukautia kwenye asidi ya hidrokloriki iliyozidi, tukaikusanya gesi juu ya maji. Tulisoma cm³ 65. Kwa 22.4 dm³ inafaa iwe cm³ 56. Tumeambiwa tumesoma vibaya.
*Wanafunzi wanne, Mkoani*

Hamkusoma vibaya. Mg + 2HCl → MgCl₂ + H₂, 0.06 ÷ 24 = moli 0.0025 za magnesiamu, na hidrojeni ni hizo hizo 0.0025. Hapo mko sawa. Tatizo ni 22.4, ambayo ni ya nyuzi 0 na kanieneo ya anga 1. Maabara yenu Pemba haijawahi kufika nyuzi 0. Ikiwa siku ile ilikuwa nyuzi 30, moli moja ya gesi yoyote inachukua 22.4 × 303 ÷ 273, karibu 24.9 dm³. Basi hidrojeni yenu ni cm³ 62.2.

Zilizobaki hadi 65 ni mvuke wa maji. Gesi iliyokusanywa juu ya maji huchanganyika na mvuke, na kwa nyuzi 30 mvuke huo una kanieneo ya kilopaskali 4.2 kati ya 101.3 za anga. Chukua 65 × (101.3 − 4.2) ÷ 101.3, unapata 62.3. Mmelenga.

Kwenye mtihani, swali likisema hali ya kawaida, tumieni 22.4 au namba yoyote iliyotolewa juu ya karatasi, bila ya ubishi. Vitabu vinavyosema 24 vinakusudia joto la chumba. Na hizi zote ni za gesi: moli ya maji yaliyo kimiminika ni cm³ 18 tu, na bado kila mwaka yupo anayeizidisha kwa 22.4.

Kitu kimoja kinatutia wasiwasi zaidi kuliko usomaji wenu, nacho ni hiyo 0.06. Mizani inayosoma mpaka 0.01 inaweza kukosea 0.005 juu au chini, na kwa kipande kidogo hivyo hiyo ni zaidi ya asilimia 8. Mara nyengine sugueni kwa msasa utepe mrefu, tuseme sentimita 100, mpaka ung'ae na ile ngozi ya oksaidi itoke, muupime wote kwa pamoja, kisha mkate kwa rula urefu mnaoutaka na mgawe uzito kwa urefu.